Koo la Injini: Jinsi Tulivyonunua Kabureta kwa Macho

Wapo watu wanaodhani ya kuwa mwalimu, kwa kuwa afundisha wengine, hawezi kukosea katika mambo ya vipimo na hesabu. Laiti ingekuwa hivyo! Sisi tunaowaandikia tumesimama mbele ya ubao miaka mingi, tukiwafundisha watoto wa darasa la sita jinsi ya kupata eneo la duara. Lakini siku tuliyoihitaji hesabu ile kwa ajili ya nyumba yetu wenyewe, tuliiacha shuleni pamoja na chaki. Twataka kuwasimulia kosa hilo, kwa sababu wengi wenu mnayo magari ya zamani, au mnao ndugu walio nayo, na kipande kilichotuletea aibu chauzwa kila siku sokoni, kikiwa kimekwisha kutumika katika gari jingine. Kipande hicho ni kabureta.

Gari letu ni Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo kama wa kobe, ya mwaka 1963. Ni zee kuliko sisi. Marehemu baba alilitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa, kisha akatuachia. Injini yake ndiyo iitwayo 1200, ingawa ukipima sawasawa, silinda zake nne pamoja zachukua sentimita za ujazo 1,192. Nguvu zake ni za farasi 34 tu. Kwetu Bukavu, mji wa vilima ukingoni mwa ziwa Kivu, farasi hao 34 hawakosi kazi.

Mwaka 2018 kabureta yake ilichoka. Kijiti cha chuma kinachoshika kilango cha hewa kilikuwa kimekula tundu lake hata kikachezacheza kama jino bovu, na injini ikawa hainyamazi wala haitulii. Mama wa watoto wetu alikuwa mjamzito wa mwezi wa nane. Tukaona haifai kukaa na gari gonjwa wakati kama huo, tukaenda kwa mwuza vyuma vikuukuu.

Yule mzee alitandika mbele yetu kabureta sita au saba juu ya gunia. Macho yetu yakaiangukia moja, kubwa kuliko nyingine, nzito mkononi, iliyosafishwa hata ikang'aa. Akasema, "Mwalimu, hiyo ilitoka katika injini kubwa ya 1600. Ukiifunga katika gari lako, litapanda mlima kama mbuzi." Maneno yale yalitupendeza, maana tulikwisha kuwaza hivyo hivyo moyoni: mlango mkubwa waingiza watu wengi, basi kabureta kubwa yaingiza nguvu nyingi. Tulitoa dola 40, na sehemu ya fedha hiyo mama alikuwa ameiweka kwa ajili ya nguo za mtoto. Tukamwahidi kuirudisha. Hatukupima kitu. Hatukusoma hata namba iliyoandikwa ubavuni.

Tulipotaka kuifunga, matundu yake mawili hayakulingana na vyuma viwili vya skrubu vilivyosimama juu ya bomba la kuingizia hewa. Chuma chenyewe kilikuwa kikituambia, "Mimi si wa hapa." Hatukukisikiliza. Tukanunua bamba la kuunganishia, tukakaza, tukawasha. Injini iliwaka, nasi tukafurahi.

Tangu kesho yake gari likaanza kusema wazi zaidi. Kila asubuhi lilitoa moshi mweusi kwa muda mrefu. Tukiinua mguu, injini yazima. Tukikanyaga kwa nguvu, kwanza lashtuka na kusita, kama mtu aliyepaliwa na maji, ndipo lasogea. Buji zikawa nyeusi kama masizi ya chungu, na petroli ikaisha upesi kuliko zamani. Tulimwambia mama kwamba chuma kigeni hakina budi kuzoea. Alitutazama, asijibu neno.

Usiku wa kujifungua ulikuja kabla ya siku tulizozihesabu. Ilikuwa saa nane ya usiku, na mvua ilikuwa imekatika. Tulimwingiza mama garini pamoja na dada yake, tukashuka bonde, tukaanza kupanda upande wa pili kwenda hospitali. Katikati ya mlima kulikuwa na shimo; tukainua mguu ili kulipita polepole, na injini ikazima. Tukawasha, ikawaka, ikasita, ikazima tena. Tukaendelea kuwasha hata betri ikafa. Basi tulisimama pale gizani, nyuma yetu mteremko wa matope, kando yetu mama akishika mlango kwa mikono miwili na kuuma kitambaa.

Dada yake alishuka, akapiga ukelele. Milango ikafunguliwa, watu wakatoka na taa, vijana wanane au tisa, na miongoni mwao wawili tuliowahi kuwafundisha. Walilisukuma gari lile mpaka juu, wakiteleza na kuinuka, wala hakuna aliyetuuliza limepatwa na nini. Mtoto, msichana, alizaliwa muda mfupi baada ya kufika. Yeye na mama yake walikuwa wazima, na twamshukuru Mungu kwa hilo hata leo. Asubuhi, tulipokaa kando ya kitanda, mama alisema kwa sauti ya chini, "Baba Yosefu, lile gari lilikosa pumzi, au mwenye gari alikosa kuuliza?"

Wa kuulizwa hakuwa mbali. Mmoja wa wale vijana wawili waliotusukuma alikuwa fundi wa magari. Juma lile lile alikuja nyumbani na mfuko wake wa vyombo, akafungua kifuniko cha nyuma, akaangalia kabureta kwa kitambo kidogo. Kisha akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, unisamehe. Nitakuuliza swali ulilotuuliza darasani. Duara lenye kipenyo cha milimita 28 lina eneo gani?"

Tulijibu kama mwanafunzi: nusu ya kipenyo ni 14, 14 mara 14 ni 196, mara 3.14 ni milimita za mraba 615.

"Na lenye kipenyo cha milimita 34?"

Nusu ni 17, 17 mara 17 ni 289, mara 3.14 ni 907. Hata kabla hajasema neno tulikwisha kuona. Milimita sita si kitu kwa macho, ni pungufu ya unene wa kalamu ya risasi. Lakini kwa hewa ni kama kuongeza nusu ya tundu zima.

Akatuonyesha kwa kidole maandishi yaliyokuwa ubavuni mwa kikombe cha petroli: jina Solex, na chini yake 34 PICT-3. Katika kabureta za Solex za magari haya, namba inayotangulia herufi ni kipenyo cha njia ya hewa kwa milimita, mahali pale kilango kinapokaa. Injini yetu ya 1200 ilizaliwa na 28 PICT. Zile za 1300 na 1500 zilizofuata zilipewa 30 PICT-1. Hii ya 34 ilifanyiwa injini ya 1600. Mambo hayo yote yalikuwa yameandikwa katika chuma tulichokishika mkononi, nasi tunajua kusoma!

Kisha alituonyesha kwa nini kila injini ina koo lake. Injini ya namna hii hujaza silinda zake mara moja kila inapozunguka mara mbili. Injini yetu hufikia nguvu zake zote kwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Basi hujaza mara 1,800, na kila mara lita 1.192. Zidisheni, mtapata lita 2,146 za hewa kwa dakika. Ile ya 1600, ambayo kwa kweli ni sentimita za ujazo 1,584, hufikia nguvu zake kwa mizunguko 4,000: hujaza mara 2,000, yaani lita 3,168. Kwa kweli silinda hazijai kabisa, kwa hiyo mafundi hupunguza hesabu hiyo, pengine kufikia nane ya kumi. Lakini kwa kulinganisha injini mbili za jamii moja yatosha. Gawanyeni 3,168 kwa 2,146: ni karibu moja na nusu. Gawanyeni 907 kwa 615: ni karibu moja na nusu vilevile. Tulikuwa tumempa mtoto wa miaka saba kanzu ya baba yake, tukashangaa kwamba ajikwaa.

Tuliuliza: kama koo ni kubwa mno, kwa nini injini isichukue hewa inayoihitaji tu na kuiacha nyingine? Hapo akatutaka tuweke kiganja mbele ya mdomo na kupumua kwa kinywa wazi. Kisha tukaze midomo na kupuliza kwa pumzi ile ile. Pumzi ya kwanza yapita polepole, ya pili yapiga kiganja kwa mbio. Ndivyo ilivyo katika kabureta. Ndani ya njia ya hewa kuna mahali palipobanwa. Hewa ifikapo hapo huongeza mbio, na mkazo wake hupungua. Na kwa sababu mkazo umepungua, petroli hufyonzwa kutoka katika kikombe, ikapita katika kijitundu cha shaba ambacho mafundi wetu hukiita jikleri, ikanyunyizwa kama ukungu. Koo likiwa pana mno kwa injini, hewa yatembea kwa uvivu, ufyonzaji walegea, na petroli yatoka kwa matone badala ya ukungu. Ndiyo sababu gari lilishtuka na kusita kila tulipokanyaga. Mlimani, mahali pa kuhitaji nguvu, ndipo liliposhindwa zaidi.

Jambo hili la koo lililobanwa lilitugusa kwa namna nyingine, tulipotafuta baadaye habari zake. Mahali hapo wahandisi hupaita venturi, kwa heshima ya Giovanni Battista Venturi, aliyezaliwa mwaka 1746 katika jimbo la Reggio Emilia, nchi ya Italia. Alisoma seminarini, akapewa upadre mwaka 1769, akawa mwalimu katika seminari hiyo hiyo. Mwaka 1797 alichapisha huko Paris uchunguzi wake juu ya mwendo wa maji katika mabomba. Alikufa mwaka 1822, miaka 64 kabla ya Karl Benz kupata hati ya gari lake la kwanza huko Ujerumani, naye Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893. Sisi nasi tulisoma seminarini, lakini tulikuwa tumenunua koo la Venturi bila kulijua jina lake wala kazi yake.

Tusije tukasema uongo kwa ajili ya kupendezesha hesabu: koo lililobanwa halikui sawasawa na njia nzima. La 28 PICT lina milimita 22.5, la 34 PICT-3 lina milimita 26. Eneo la pili lazidi la kwanza kwa theluthi moja, si kwa nusu. Waundaji huangalia mambo mengi wanapolichagua. Lakini vipimo vyote viwili vyaelekea upande mmoja: injini ndogo, koo dogo.

Hata hivyo ukubwa peke yake haukueleza moshi wa asubuhi wala kuzima kwa injini kila tulipoinua mguu. Fundi alitupa sababu nyingine ambayo hatungeifikiri kamwe. Gari letu la 1963 lina umeme wa volti 6. Kabureta ile ilitengenezwa kwa volti 12. Kilango cha kuwashia injini ikiwa baridi, yaani choki, hufunguliwa na waya unaopashwa moto kwa umeme. Kwa volti 6 ulipata moto polepole mno, kilango kikachelewa kufunguka, na injini ikanyweshwa petroli kupita kiasi. Tena kabureta ile ina kifungo kidogo cha umeme kinachofungua njia ya petroli ya mwendo wa polepole. Kwa umeme hafifu hakikuvutika vema, na njia ikabaki imefungwa. Kwa hiyo, tulipoinua mguu penye lile shimo, injini ilikosa petroli kabisa. Volti zenyewe zilikuwa zimeandikwa juu ya kile kifungo, kwa tarakimu ndogo.

Basi, wasomaji, tulimwomba kijana yule atufundishe jinsi ya kununua, nasi tukaandika katika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Twawapa hapa yale tuliyoyaandika.

Kwanza, kabla ya kutoka nyumbani, andika namba ya injini yako, ukubwa wake, mwaka wake, na volti za umeme wake. Soma namba ya kabureta ya zamani, hata ikiwa imekufa. Usiitupe kabla hujapata nyingine, kwa maana hiyo ndiyo shahidi wako. Lakini kumbuka kwamba huenda mtu mwingine aliwahi kuibadilisha kabla yako. Kwa hiyo linganisha namba hiyo na kitabu cha gari.

Pili, soma namba ya ile unayouziwa, kisha uipime. Twaa kile chombo chenye taya mbili kiitwacho kalipa, ingiza taya zake ndogo katika njia ya hewa, upande wa chini penye kilango, usome milimita. Pima pia nafasi kati ya matundu ya skrubu, toka katikati ya moja hata katikati ya jingine. Kama matundu hayalingani, uliza sababu kabla ya kutafuta bamba. Magari ya namna hii yaliundwa zaidi ya milioni 21 mpaka mwaka 2003, yalipokomeshwa huko Meksiko, na kabureta zake zilitengenezwa pia Brazili kwa jina la Brosol na Meksiko kwa jina la Bocar. Kwa hiyo jina si hoja. Kipimo ndicho hoja. Wala msidhani kwamba viwanda vyote vyaandika namba kwa njia moja: Wamarekani wengi hutaja kabureta kwa hewa inayoweza kupita, futi za ujazo kwa dakika. Futi moja ya ujazo ni kama lita 28.3, na zile lita 2,146 za injini yetu ni kama futi 76.

Tatu, fungua uisome jikleri. Katika Solex namba 125 maana yake ni tundu la milimita 1.25. Usikubali jikleri iliyochokolewa kwa waya, kwa maana waya hupanua tundu na namba ikawa uongo. Lita moja ya petroli yahitaji kama lita 9,000 za hewa ili iungue vema. Mjini kwetu, kwenye mwinuko wa meta 1,500 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu kama 15 katika mia. Kwa hiyo fundi mwenye akili aweza kuweka jikleri ndogo kwa hatua moja au mbili, kisha akazitazama buji kama zimekuwa za rangi ya udongo mkavu au nyeusi.

Nne, tafuta uchakavu. Shika kijiti cha kilango, ukitikise juu na chini; kikicheza, hewa itapita pembeni. Toa boya, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Weka rula juu ya uso wa chini. Ukiona mwanga chini yake, uso umepinda. Na usisahau kuvuta kwa vidole ule mrija mdogo wa shaba unaoingiza petroli. Ukilegea, usinunue, maana ukichomoka gari linapokwenda, petroli yamwagika juu ya injini ya moto, na gari laweza kuungua.

Tulirudi kwa mzee mwuza vyuma, tukiwa na kalipa ya kuazima. Hatukumlaumu, alituambia kweli kwamba ilitoka katika injini ya 1600. Katika debe lililokuwa nyuma, chini ya vyuma vyenye kutu, tuliipata ndogo, chafu, isiyong'aa: 28 PICT. Tulipima, tukatikisa, tukavuta mrija. Kijiti hakikucheza. Choki yake ilikuwa ya volti 6. Aliiuza kwa dola 15, akatucheka kwamba mwalimu amerudi kununua mtoto badala ya mama. Fundi aliisafisha, akatia gasketi mpya, akaifunga bila bamba lolote. Siku ile ile tulipanda mlima ule, tukainua mguu penye lile shimo, na injini ikaendelea kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Ile kubwa hatukuiuza. Kila mwaka, tufikapo somo la eneo la duara, twaiweka mezani darasani pamoja na ile ya baba iliyokufa. Twawaambia watoto, "Tazameni kwa macho: ipi itafaa?" Karibu wote huonyesha kubwa. Ndipo twawapa kalipa na chaki. Wakimaliza hesabu, twawasimulia habari za usiku ule, bila kuficha kwamba waliotusukuma walikuwa wanafunzi wetu, na kwamba mmoja wao ndiye aliyelishika somo letu kuliko sisi tuliolifundisha.

Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia. Ni kweli, lakini si lazima kila mtu apotee mahali pale pale. Binti yetu wa usiku ule sasa asoma shule ya msingi. Juzi tulimkuta mezani na zile kabureta mbili, akiingiza rula ya mbao katika koo la moja na kusoma namba kwa sauti. Mama yake alikuwa mlangoni akimsikiliza. Akatuambia, "Huyo atauliza kabla ya kununua."